Nusu Analia, Nusu Anasikiliza

Kilema,
9 Novemba 2024

Kwako Lukresia, mdogo wangu wa tumbo moja,

Naanza na salamu, hata kama utazisoma umekunja uso. Hujambo? Shemeji Theodory hajambo? Watoto je, na mpunga wenu umefikia wapi? Huku juu mvua za vuli zimeanza kwa kunyunyiza, migomba imenyanyuka, nasi sote tunapumua vizuri. Shikamoo yako sijaipata mwaka wa nne huu. Marahaba zangu zimelundikana mpaka sina pa kuziweka. Hiyo tuiache kwanza, nitaifikia.

Barua hii anakuletea mume wangu Basili mwenyewe, anashuka Mabogini kuchukua pumba za mpunga za ng'ombe wangu. Ningekupigia simu, ila yangu huipokei, na sikulaumu. Kwa kalamu mimi si fundi, unajua niliishia darasa la saba, wewe ndiye uliyefika kidato cha nne. Lakini barua ina uzuri wake, mtu hawezi kunikatiza katikati ya neno. Basili nimemwambia asikusubirie jibu. Apakie pumba zake apande.

Nataka nini? Nataka upande Kilema tarehe 28 Desemba. Sababu yake ni ndefu, kaa chini.

Mdogo wangu, nimejifungua. Mtoto wa kike! Baada ya Tito na Valerian, na baada ya miaka tisa ya watu kuniuliza kama kiwanda kimefungwa, nimewajibu. Amezaliwa tarehe 6 Agosti, kilo nne na gramu mia mbili, na mkunga alisema mwaka huu wote hajapima mtoto kama huyo. Nina miaka thelathini na nane lakini nilisukuma kama msichana, hilo nalo alilisema mkunga, si mimi. Jina lake Apolonia, la mama mkwe, kama inavyotakiwa kwa binti wa kwanza. Ana nywele za kusuka tayari. Ana vidole virefu kama vya mwalimu. Akilala, uso wake umenyooka kama mstari wa daftari, hakuna kasoro hata ukitafuta kwa tochi.

Nami nimelishwa. Mama mkwe alinikataza kushika hata ufagio. Mtori asubuhi, mtori mchana, mlaso wa damu na maziwa jioni, na Basili alichinja beberu ambaye majirani walikuwa wanamwamkia kwa ukubwa wake. Ng'ombe wangu anatoa lita kumi na nne kwa siku, na nusu yake nadhani niliinywa mimi. Shingo yangu ina mikunjo mitatu, ukiniona utadhani mke wa mbunge.

Sasa nikuambie lililonishikisha kalamu.

Siku ya tatu tangu nitoke hospitali, mama mkwe alikuwa anamwogesha mtoto karibu na dirisha. Alimsafisha mdomo kwa kidole, akamshika shavu kumgeuza, na mtoto akalia. Hospitalini alikuwa amelia pia, lakini nilikuwa nimechoka, na mwanga ulikuwa hafifu. Siku hiyo jua lilimwangukia usoni. Lukresia, pembe ya kulia ya mdomo ilishuka chini kama ya mtoto yeyote anayelia. Ya kushoto haikwenda popote. Ilibaki pale pale, imetulia, kama mtu aliyeambiwa habari na anangoja amaliziwe. Nusu ya uso analia, nusu anasikiliza.

Nilikuona wewe. Si mtu anayefanana na wewe. Wewe, pale kando ya mfereji, una miaka minane. Mama yetu amekufa, wewe hupandi, na kile kilio chako cha nusu mdomo, ambacho nilidhani dunia nzima kiko kimoja tu, kilikuwa kinanitazama kutoka kwenye beseni langu.

Mama mkwe naye aliona. Lakini yeye hakujui. Alikiangalia kidole gumba chake kama mtu anayeangalia kisu. Akasema taratibu kwamba amemvunja mtoto. Mama huyu ameogesha wajukuu kumi na saba, na kuanzia siku ile hakumshika tena mjukuu mwenye jina lake mwenyewe. Kupika alipika, nepi alifua, kuni alichanja. Nikimnyooshea mtoto, anasema mikono yake ina moshi, ina vitunguu, ina samadi. Kila siku mikono ile ilikuwa na jambo.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo niseme, mama, hii iko kwetu, mdogo wangu analia hivi hivi. Sikusema. Niliona haya wasije wakasema tumewaletea kitu cha ukoo wetu. Tena kulitaja jina lako mle ndani kungenilazimu kueleza kwa nini hupandi. Nikanyamaza. Wewe unanijua, mimi kunyamaza!

Badala yake nikawa mtu wa majigambo. Mtoto akichezesha tu mdomo, namtia ziwa. Wageni wakija na sabuni zao na vitenge vyao, nawaambia mwanangu halii, hajui kulia, huyu ni mtoto wa pekee. Wakashangaa, wakanisifu, nikapokea sifa zote. Mtoto akanenepa kama gunia la maharage. Ukweli ni kwamba nilikuwa naulinda mdomo wake usiku na mchana kama askari wa benki.

Wiki ya sita ikafika chanjo ya kliniki, na sindano huwezi kuizuia kwa ziwa. Apolonia alilia mbele ya akina mama thelathini. Nesi akamtazama, akaniuliza tangu lini, akaandika karatasi ya kwenda hospitali kubwa mjini Moshi. Tulishuka na Basili na mama mkwe, tena kwa gari la kukodi, si la kubanana.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Dakta Aikande, mwembamba hivi, nilidhani ni mtu wa kufungua mafaili. Nyuma yake wanafunzi wa udaktari tisa, wamevaa makoti meupe, wote wamekuja kumwona mwanangu. Tisa! Askofu akija kipaimara hazungukwi hivyo. Lakini mtoto alikuwa ameshiba amelala, na daktari alitaka amwone akilia. Mwanafunzi mmoja, kijana mwenye miwani, akasogea akasema ampige kidogo chini ya unyayo, au amfinye tu, itachukua dakika moja.

Dakta Aikande akamwambia arudishe mkono wake. Akasema hawana haraka, mtoto atalia akitaka mwenyewe. Akavuta kiti akakaa. Na wale tisa wakasimama kimya, mdogo wangu, wakimngoja mtoto wa miezi miwili kasoro.

Mimi nilitazama sakafu. Utajua kwa nini.

Tulikaa labda robo saa. Apolonia akaamka, akaona sura ngeni kumi, akalia. Daktari akaniuliza upande upi una tatizo. Nikaonyesha wa kulia, ule unaoshuka, maana ndio unaoonekana umeharibika. Akacheka kidogo akawauliza wanafunzi, na wawili wao wakasema kama mimi! Wasomi! Akatuambia hapana, huo unafanya kazi yake vizuri, wa kushoto ndio haujui kushuka. Akatuonyesha kipaji cha uso kinavyokunjamana pande zote mbili, macho yanavyofumba yote mawili, mikunjo ya pua iko sawa. Kwa hiyo mshipa wa fahamu ni mzima. Kilichopungua ni msuli mmoja tu, mwembamba, uko chini ya pembe ya mdomo, kazi yake kuuvuta chini mtu anapolia. Huo wa kushoto haukukua vizuri tangu tumboni. Atanyonya, atacheka, atasema, ataimba. Akilala hutajua. Utajua akilia tu.

Halafu akasema, huku akimtazama mama mkwe ambaye alikuwa amejificha nyuma ya Basili, kwamba hakuna kidole cha mtu kinachoweza kuleta jambo hili.

Mimi uso niliuona kitu kimoja, kama papai. Kumbe ni nyuzi nyingi, kila uzi na kazi yake, mmoja wa kucheka, mmoja wa kukasirika, na Mungu amekaa amezifunga moja moja gizani, hakuna taa wala saa. Na katika nyuzi zote hizo, uzi ule ule mmoja alioupunguza kwako akaupunguza kwake, upande ule ule. Miaka thelathini na mitano katikati! Hebu niambie kama nywele hazijakusimama.

Ndipo akauliza kama kuna mtu katika familia anayelia hivi. Basili akasema kwao hakuna. Mama mkwe akanitazama mimi. Wale tisa nao wakanitazama, kalamu mkononi.

Nikasema hakuna.

Akaandika. Akaeleza kwamba mara nyingine mtoto mwenye upungufu huu na moyo nao unakuwa na kasoro, kwa hiyo lazima waupime. Lukresia, kutoka chumba kile mpaka chumba cha mashine ni hatua kama kutoka kwetu mpaka kisimani, lakini sikumbuki kama nilikanyaga chini. Niliongea na Mungu kwa ukali. Nilimwambia kama ni kwa sababu ya uongo wangu, anipige mimi.

Walimpaka mtoto mafuta kifuani, wakaweka kidude, na kwenye kioo ukatokea moyo. Moyo wa mwanangu, mdogo wangu! Nimeuona kwa macho haya. Unafumba, unafumbua, kama mkono wa mtu anayekamua ng'ombe, haukosei, hauchoki, haungojei kuambiwa. Una vijilango vyake vidogo vinapigapiga. Basili alivua kofia kama yuko kanisani. Niliangalia mpaka machozi yakafanya nisione tena. Dakta Aikande akahesabu milango, akaangalia kuta, akasema moyo ni mzima, hauna tundu wala nini. Kisha akaongeza, kama mtu anayefunga mlango, kwamba kama angekuwepo ndugu mwenye mdomo kama huu, ingefaa naye asikilizwe moyo, hata mara moja.

Kalale na neno hilo ukiweza. Mimi sikuweza.

Nyumbani, mama mkwe alingoja Basili aende kukata majani ya ng'ombe, akaniambia yule daktari ni mtoto mwenye adabu, hakutaka kumwaibisha mzee mbele ya watu. Lakini yeye si mjinga. Kama kwa Basili hakuna na kwetu hakuna, imetoka wapi kama si kwenye kidole chake? Akaenda kumenya ndizi. Nami nikamwacha aende, unaona nilivyo. Nikamwacha wiki sita zaidi.

Jumapili iliyopita tulirudi kutoka misa ya kwanza, nikamwona anamchungulia Apolonia pale mlangoni. Mtoto anamchekea, yeye anaficha mikono chini ya khanga. Nikasema yatosha. Nikamkalisha nikamwambia yote. Kwamba nina mdogo wangu, Lukresia, yuko Mabogini, analia hivi hivi tangu kuzaliwa. Aliniita mwongo kwa Kichagga, mara mbili, tena kwa neno ambalo siwezi kuliandika. Akainuka nikadhani ananipiga. Akaniomba mtoto. Alimshika, akamnusa shingo, akamwambia mambo mengi ambayo hayakunihusu, na tangu siku hiyo mimi mtoto naazimwa tu wakati wa kunyonya.

Alhamisi nilishuka tena Moshi kumwambia daktari ukweli. Hakunigombeza. Alifuta neno moja kwenye faili akaandika lingine. Kwako alisema usitishike, umekua, umezaa, unalima, huenda huna lolote, lakini uende usikilizwe moyo mara moja ili tujue. Nakuomba uende. Kama hutaki kwenda na mimi, nenda na shemeji. Hilo halingoji mpaka tupatane.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napazunguka tangu ukurasa wa kwanza.

La mfereji unalikumbuka kuliko mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nawakusanya watoto, kila mmoja analeta pera, halafu nakufinya mkono kwa ndani, pale panapouma, ili wakuone ukilia nusu. Walicheka wakaanguka. Mapera nilikula mimi. Siku moja ulifinywa na hukulia. Uliuma pindo la khanga ya mama, ukanitazama tu, na tangu siku ile hakuna mtu aliyekuona ukilia tena. Mimi nikaona mchezo umeisha, nikaenda kutafuta mwingine.

Usilolijua ni hili. Tulipomzika mama, ulisimama upande wa migomba, umeuma pindo la khanga, macho makavu. Shangazi Stella akanisogelea akaniuliza mbona mdogo wako halii. Kati ya watu wote waliokuwa kihambani kwetu, mle migombani, siku ile, mimi peke yangu nilijua jibu, maana nililitengeneza mimi kwa vidole hivi viwili. Nikamjibu labda huyu hakuwahi kumpenda mama. Watu walisikia. Neno likatembea, likakufikia jioni ile ile, na wewe ukadhani limetoka kwa shangazi, ukamwambia uliyomwambia, ukashuka usipande tena.

Si shangazi, Lukresia. Ni mimi. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakusema, akanijibu kwamba alishamzika wifi yake, hakutaka kuzika na undugu wetu. Amelibeba miaka minne. Akinikuta njiani ananiuliza habari za ng'ombe.

Nilikuwa nadhani nimekasirika kwa sababu hukumlilia mama. Nimelea mtoto miezi mitatu nikiuziba mdomo wake usilie mbele za watu, ndipo nikajua kazi uliyoifanya siku ile. Mimi nilikuwa namzibia mwingine, nimechoka hivi. Wewe ulikuwa unajiziba mwenyewe, mbele ya kaburi la mama.

Tarehe 28 Desemba, Jumamosi, Apolonia anabatizwa, watu wote wakiwa wamepanda kwa Krismasi. Nataka wewe uwe mama yake wa ubatizo. Padri akimwaga maji atalia, huyu ana mapafu, kanisa zima litageuka. Nataka alie akiwa mikononi mwako. Sitaweka ziwa, sitafunika khanga. Watu watazame mpaka washibe. Mimi nitasimama karibu nijigambe kwamba wako wawili.

Mama mkwe aliposikia yote, alikwenda mwenyewe mpakani akakata jani la isale, lile la kuombea msamaha, akaliosha, akaniletea nilifunge ndani ya barua. Alisema ukiliona huwezi kukataa, hakuna Mchagga anayekataa isale. Na ni kweli, ndiyo maana sijaliweka. Liko hapa mezani, bichi kabisa, mama mkwe amenuna. Nilishakulazimisha kulia. Kusamehe sitakulazimisha. Tutangoja, kama yule daktari. Nimevuta kiti nimekaa.

Nisalimie shemeji Theodory, na wanao wote, waambie wana mdogo wao mnene. Tito na Valerian wanakusalimu. Mama mkwe anakusalimu ingawa hamjaonana, na anauliza unapenda mtori wa nyama au wa maziwa. Shangazi Stella sijamwambia kama naandika, lakini najua angekusalimu.

Ukipanda, iwe siku hiyo au mwaka mwingine, ukifika mlangoni usiniamkie. Mimi ni mkubwa, najua, lakini safari hii niache nianze mimi.

Dada yako,
Hilda, Mama Tito, na sasa Mama Apolonia